Kompyuta Ilisema Amekosa, Nami Nikaikubalia

Mwaka jana wakati wa mazoezi ya kufundisha nilimwambia mwanafunzi wa Kidato cha Tatu sentensi ambayo mpaka leo nikiikumbuka najisikia vibaya. Nilimwambia, "Kompyuta haikosei. Futa, uchore upya." Binti alikuwa amechora sawasawa kabisa. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu programu iliyomkatalia niliiandika mwenyewe, usiku, hosteli, huku namung'unya ubuyu na kujiona mtaalamu.

Naandika haya sasa kwa sababu semista hii kozi zetu tatu zimehamia kwenye kwizi zinazosahihishwa na mfumo, na kwenye korido inasemwa kwamba huko mbele hata majaribio makubwa yatahamia hukohuko. Watu wanafurahia, na nawaelewa: unabonyeza, matokeo unayaona hapohapo, husubiri wiki sita ukutani kutafuta namba yako ya usajili. Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni ile sentensi niliyomwambia yule binti, maana nimeanza kuisikia ikirudi kwetu wenyewe.

Kwanza nieleze kilichotokea. Kina hesabu kidogo. Wenzangu wa Historia na Kiswahili msikimbie, ni hesabu ya Kidato cha Pili tu.

Shule niliyopangiwa ilikuwa na chumba cha kompyuta chenye mashine kumi na moja zinazowaka. Nilikuwa nafundisha grafu za milinganyo ya kipeo cha pili, ile mikunjo inayofanana na bakuli. Kuchora kwenye daftari kunachukua kipindi kizima, na nusu ya darasa hawana rula. Nikaona niwatengenezee kitu. Nikaandika programu ndogo kwa JavaScript, inafunguka kwenye kivinjari bila intaneti. Kwenye skrini kuna gridi na mkunjo wenye nukta tatu za kushika: mwanzo, mwisho, na nyingine ya katikati ambayo watoto waliiita mpini. Ukivuta mpini chini, mkunjo unashuka kuufuata ila hauufikii. Nukta zote zinajinasia zenyewe kwenye gridi, ili mkono ukitetemeka isiwe shida.

Mikunjo ya aina hii inaitwa mikunjo ya Bézier, kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault kule Ufaransa, aliyeitumia kuchora mabodi ya magari miaka ya 1960. Hapa kuna kisa kidogo. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa ameshaipatia njia yake mwaka 1959, lakini kampuni yake ikaifanya siri, basi jina likaenda kwa yule wa kampuni ya pili. Leo herufi za fonti nyingi za kompyuta zinachorwa kwa mikunjo ya ukoo huu. Kilichonivutia mimi ni kwamba kipande chochote cha parabola kinaweza kuchorwa kwa nukta tatu tu, na kinatoka kamili, si kwa kukisia. Nilipoligundua hilo nilimwamsha rumeti wangu saa saba usiku. Hakufurahi.

Swali lilikuwa: chora y = x² − 4x + 3. Mwanafunzi anatengeneza jedwali la thamani daftarini, kisha anaivuta ile mikunjo kwenye skrini mpaka ifanane na jedwali lake. Nyuma ya gridi nilificha visanduku vinne vidogo: pale mkunjo unapokata mhimili wa y kwenye 3, pale unapokata mhimili wa x kwenye 1 na kwenye 3, na kwenye kitako cha bakuli, yaani (2, −1). Kila kisanduku kilienda 0.1 kila upande wa nukta yake. Mkunjo ukipita ndani ya kisanduku, alama moja. Jumla nne.

Kwa hiyo swali ambalo kompyuta ilitakiwa kujibu ni hili tu: je, mkunjo huu unapita kwenye mstatili huu? Mtoto wa chekechea analijibu kwa kutazama. Tatizo kompyuta haitazami. Ina namba sita za mkunjo, namba nne za mstatili, basi. Lazima mtu aigeuze kutazama kuwe hesabu, na mtu huyo alikuwa mimi.

Nilifanya wanavyofanya wengi wanaoanza. Nikaukata mkunjo vipande ishirini, nikapata nukta 21, na kwa kila nukta nikauliza: uko ndani ya kisanduku? Ikiwemo hata moja, pewa alama. Nikajaribu. Nikachora mkunjo wangu kuanzia x = 0 hadi x = 4, nikapata nne juu ya nne. Nikajaribu tena, nne juu ya nne. Nilijaribu labda mara ishirini, na mara zote ishirini nilichora kuanzia 0 hadi 4, maana ndivyo ninavyochora mimi.

Yule binti alichora kuanzia −1 hadi 5.

Mwalimu yeyote angempongeza. Bakuli lake lilionyesha mikono yote miwili ikipanda, na jedwali lake lilikuwa na safu saba wakati la jirani yake lilikuwa na tano. Programu ikampa moja juu ya nne. Akanyosha mkono.

"Madam, mbona mimi nimepata moja?"

"Hujapita kwenye nukta zinazotakiwa."

"Si inapita hapa, Madam? Ona." Akaweka kidole kwenye kioo, palepale kwenye 1.

Nikaona. Mkunjo ulipita. Nikajiambia labda umepotoka kidogo, kiasi ambacho jicho halioni lakini mashine inaona. Hapo ndipo nikatoa ile sentensi. Akageuka kutazama skrini ya jirani yake, akafuta, akachora kuanzia 0 hadi 4, akapata zote nne. Akasema taratibu, kama anajisemea, "Kumbe haitakiwi kuzidi." Kengele ikagonga. Sikusema kitu.

Nimelala na hiyo "kumbe" siku nyingi. Mtoto aliingia chumbani akijua kitu sahihi, akatoka amejifunza kitu cha uongo, na aliyemfundisha uongo huo alikuwa amevaa kitambulisho cha mwalimu.

Nilikuja kugundua wiki mbili baadaye, mazoezi yameisha, niko chuoni naandaa ripoti. Nilitaka picha nzuri ya kuweka kwenye ripoti, nikachora bakuli kuanzia −1 hadi 5 ili lionekane vizuri. Moja juu ya nne. Nikacheka kwanza. Halafu nikanyamaza.

Hesabu yake ni hii. Kutoka 0 hadi 4 ukigawa kwa ishirini, kila hatua ni 0.2. Nukta zangu zilikanyaga 0, 1, 2 na 3 barabara, bila mimi kupanga. Kutoka −1 hadi 5 hatua ni 0.3. Nukta zinaenda −1, −0.7, −0.4, −0.1, 0.2, 0.5, 0.8, 1.1. Kisanduku kiko katikati ya 0.8 na 1.1. Kwenye 0.8 mkunjo uko juu, 0.44. Kwenye 1.1 uko chini, −0.19. Umeshuka kutoka juu ya sifuri hadi chini ya sifuri, umepenya kisanduku katikati, na programu haikuona kwa sababu ilifumba macho wakati huohuo. Ni sawa na mlinzi wa geti anayetazama barabara kila baada ya dakika tano, kisha anaapa hakuna gari lililopita.

Kwenye 3 ikawa vilevile, na kwenye mhimili wa y vilevile. Alipata kitako tu, maana hatua za 0.3 zinaangukia 2 kamili. Bahati yake hiyo moja.

Nikasema sawa, nimejua kosa, narekebisha. Mtu angeniambia ongeza nukta, kata vipande mia mbili. Lakini hiyo ni kumwambia mlinzi atazame kila baada ya nusu dakika. Pikipiki bado itapita. Dawa ni kuuliza swali kwa aljebra: mkunjo unakata wapi kila upande wa kisanduku? Pande ni nne, kila upande unatoa mlinganyo wa kipeo cha pili, unautatua kwa ile kanuni yetu ya kipeuo, unaangalia kama jibu liko ndani ya mkunjo na ndani ya upande. Nikaandika. Nikamchorea yule binti mkunjo wake upya, kwa jina lake kichwani. Tatu juu ya nne!

Safari hii mhimili wa y ulikubali, 1 ikakubali, 3 ikakubali. Kitako, ambacho mwanzo ndicho pekee kilichokubali, kikakataa.

Hapa ndipo nilipoona aibu ya kweli. Ile kanuni tunaiandika ubaoni kila siku na chini yake tunaongeza maneno "ambapo a si sifuri". Niliyakariri nikiwa Kidato cha Pili. Niliyaandika mwenyewe kwa chaki mbele ya darasa lile, nikapigia mstari. Hakuna mwanafunzi aliyeniuliza kwa nini, na mimi sikuwahi kujiuliza. Sasa mkunjo wa yule binti ulikuwa umekaa sawa kushoto na kulia, mpini uko katikati kabisa. Mkunjo wa namna hiyo ukitembea kulia unaenda kwa mwendo uleule mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo mlinganyo wa x hauna kipeo cha pili. a ni sifuri. Kwenye kitako bakuli limelala karibu tambarare, linaingia kisandukuni kwa ubavu wa kushoto na kutokea ubavu wa kulia, na bavu hizo ndizo zinazotegemea mlinganyo wa x. Kanuni yangu ikagawa kwa sifuri. Jibu moja likawa sifuri kugawa kwa sifuri, la pili hasi kumi na mbili kugawa kwa sifuri.

Ungetegemea kompyuta ipige kelele. JavaScript haipigi. Ukigawa sifuri kwa sifuri inakupa kitu kinachomaanisha "si namba", na inaendelea na kazi kama hakuna kilichotokea. Kisha programu inauliza: je, hii "si namba" iko kati ya 0 na 1? Haiko. Basi mkunjo haujapita. Alama sifuri, bila taa nyekundu wala onyo. Kwa maneno mengine, kadiri mwanafunzi alivyochora bakuli lake kwa ulinganifu, ndivyo programu yangu ilivyokuwa na uhakika kwamba amekosa.

Nilimpelekea jamaa yangu mmoja wa Sayansi ya Kompyuta. Akanicheka kistaarabu, akaniambia nisijisumbue, Java ina kitu kilichotengenezwa tayari: unaipa mkunjo, unaipa mstatili, inakujibu kama vinakutana. Tukajaribu pamoja. Wanafunzi wote wakapata nne juu ya nne. Mimi nikashangilia, yeye akawa bado anatilia shaka (namshukuru), akachora bakuli la makosa kabisa, lenye kina mara mbili ya linalotakiwa. Kisanduku cha kitako kikasema limepita. Tukafungua maelezo ya Java, na imeandikwa mle wazi: umbo lililo wazi linahesabiwa kama limefungwa kwa mstari ulionyooka kutoka mwisho hadi mwanzo, na swali linaloulizwa ni kama mstatili unagusa eneo la ndani. Yaani kisanduku kikiwa kimekaa tumboni mwa bakuli, hakijaguswa na mstari popote, jibu ni ndiyo. Maelezo yanaongeza kwamba pale ambapo hesabu kamili ni ghali, umbo linaruhusiwa kujibu ndiyo kwa kukisia tu.

Java haijakosea hapo. Inajibu swali lake. Ila swali lake si letu, na sisi tungeibeba hivyohivyo hadi darasani kwa sababu imetengenezwa na watu wakubwa.

Sasa nirudi chuoni.

Kwenye kwizi moja ya semista hii jibu lilikuwa nusu. Mwenzetu mmoja akaandika 1/2. Mfumo ulikuwa unasubiri 0.5, ukamkata alama mbili juu ya kumi. Akauliza kwenye grupu la WhatsApp la kozi. Jibu lililorudi lilisema, kwa ufupi, ndivyo mfumo ulivyosahihisha. CR akaweka emoji ya mikono iliyokunjwa, mazungumzo yakahamia kwenye bumu. Alama mbili si kitu, mtasema. Mtu aliyewahi kukosa kuvuka kwa alama moja na akarudi Septemba kufanya sapu wakati wenzake wako nyumbani atawaambia alama mbili ni nini.

Lililoniuma si zile alama. Nililisikia lile jibu kwa sauti yangu mwenyewe.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja dhaifu. Darasa letu la mwaka wa kwanza lilikuwa kubwa kiasi kwamba tuliokosa viti tulikaa kwenye ngazi. Lekchara mmoja hawezi kusahihisha vitabu vyote hivyo kila wiki mbili akabaki mtu. Na msahihishaji binadamu naye ana mambo yake: kitabu cha tatu amekisoma na chai, cha mia tatu amekisoma na usingizi. Mwandiko mbaya unaadhibiwa, jina linalojulikana linasaidiwa. Mashine haimjui mtu. Hilo nakubali, na kama ningelazimishwa kuchagua kwa kwizi za kuchagua A, B, C, D ningechagua mashine.

Lakini lekchara aliyechoka anakosea huku na kule, na ukimfuata ofisini na karatasi yako anaweza kuona. Programu yenye hitilafu inakosea vilevile kwa kila mtu anayefanana na yule iliyemkosea. Yangu haikumwonea binti mmoja. Ingemwonea kila mwanafunzi atakayechora zaidi ya nilivyochora mimi, kila mwaka, shule yoyote ambayo mtu angeipeleka. Na wanaoangukia kwenye makosa ya namna hiyo, nimekuja kuona, si wavivu. Mvivu anaandika kama mfano ulivyo kwenye slaidi, na mfumo umejaribiwa kwa slaidi hizohizo. Anayekamatwa ni yule aliyefika kwenye jibu kwa njia yake.

Kwa hiyo ninapoomba serikali ya wanafunzi ilibebe hili, siombi mfumo uzimwe. Naomba tuonyeshwe mfumo ulilinganisha nini na nini: jibu langu hili hapa, ulilokuwa unalisubiri hili hapa. Kwa sasa tunaona alama tu. Laiti yule binti angeviona vile visanduku vyangu vinne kwenye skrini, angenishinda kwa hoja ndani ya dakika moja, maana angenionyesha mkunjo ukipenya. Vilifichwa, basi akawa hana cha kunionyesha zaidi ya kidole chake. Naomba pia kuwe na siku kadhaa kabla alama hazijafungwa ambazo mtu anaweza kusema "hapana", na ajibiwe na mtu mwenye jina, aliyelifungua lile swali na kulisoma. "Ndivyo mfumo ulivyosahihisha" lisihesabike kuwa jibu.

Na kwa sisi wa Elimu, kuna jambo ambalo hakuna wa kumwomba. Mwakani tutakuwa makazini, na wengi tutakabidhiwa vishikwambi na programu za watu wengine zenye kusahihisha. Tutazijaribu kwa majibu yetu wenyewe, kama nilivyofanya mimi mara ishirini. Mimi sasa kabla sijaitumia programu yoyote naipeleka kwa watu watatu wasiofikiri kama mimi na kuwaambia waniharibie. Rumeti wangu ni hodari sana kwa hilo. Anasoma Lugha na hajui parabola, anachora vitu ambavyo sijawahi kuviwaza. Ndiye aliyegundua kwamba ukichora mkunjo mdogo sana, wote ukawa ndani ya kisanduku kimoja bila kukata upande hata mmoja, programu yangu ya pili ilisema haujafika.

Hiyo nayo nimeirekebisha. Kabla ya pande, sasa inauliza kwanza kama mwanzo wa mkunjo umo ndani. Na kabla ya kanuni inauliza kama a ni sifuri. Ikiwa ni sifuri inatatua mlinganyo wa kawaida. Ni mistari tisa ya nyongeza.

Nilimpigia mwalimu wa hisabati wa ile shule nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Usijali mwanangu, alama zile zilikuwa za zoezi tu." Nikamwomba amwambie yule binti kwamba mchoro wake wa kwanza ndio uliokuwa sahihi. Akasema atamwambia. Halafu akaniuliza kama ndiye yule anayeishiaga grafu zake njiani, maana kwenye mtihani wa muhula walipewa x kuanzia −3 hadi 3, akachora kuanzia 0.